Lenzi ya kichwani: pima umbali kabla ya kununua

Ukiulizia lenzi ya kichwani dukani, utatajiwa namba kwanza. Hii inakuza mara 10, hii mara 20, na hii mpya ni mara 25, tena ina taa. Mkono utakwenda kwenye namba kubwa, maana nani hataki kuona zaidi? Ngoja kidogo. Kuna swali la kujibu kabla pesa haijatoka: ukiwa kazini, jicho lako liko umbali gani na kitu unachokitengeneza?

Pima leo. Kaa mezani kama unavyokaa siku zote, shika kazi, kisha mwenzako aweke rula kutoka pembeni mwa jicho lako hadi kwenye ncha ya chombo. Usijinyooshe kwa sababu tu unapimwa. Sonara anayelehemu cheni mara nyingi atapata sentimita 30 hadi 40. Fundi simu anayebadilisha sistimu chaji, 20 hadi 30. Fundi saa yuko karibu zaidi. Andika namba hiyo kwenye simu yako. Ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Sababu ni hii. Kadiri lenzi inavyokuza, ndivyo inavyokulazimisha kusogea. Lenzi ya mara 1.75 huona vizuri kwenye sentimita 35 hivi. Ya mara 2, sentimita 25. Ya mara 2.5, sentimita 20. Ya mara 3.5 inataka sentimita 10 tu. Ukifika mara 10 umebaki na sentimita mbili na nusu, na mara 20 ni sentimita moja na kidogo. Sasa niambie, kwenye sentimita moja utapitisha wapi kibano, risasi na bomba la moto wa gesi?

Kwa hiyo kwa kazi nyingi za mezani, lenzi yako iko kati ya mara 1.75 na mara 2.5. Najua inaonekana ndogo. Ijaribu kwa saa moja kwenye kazi halisi kabla hujaidharau.

Kuna jambo jingine linalopotea namba ikipanda. Eneo unaloliona linapungua, na kina kinachoonekana vizuri kinakuwa chembamba. Ukisogeza pete kidogo tu, ukungu. Ukipumua kwa nguvu, ukungu. Lenzi ndogo inakusamehe kutikisika, kubwa haikusamehei.

Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye fremu. Lenzi za OptiVisor zinazotengenezwa Marekani na kampuni ya Donegan zina namba 2, 3, 4, 5, 7 na 10, na watengenezaji wengine wameiga mtindo huohuo. Namba hizo hazisemi inakuza mara ngapi. Zinasema nguvu ya lenzi, kama ile ya miwani ya kusomea. Namba 5 inakuza mara 2.5. Namba 10 inakuza mara 3.5 tu.

Hesabu ya kubeba kichwani: chukua 100, gawa kwa namba ya nguvu, utapata sentimita. Namba 4 ni sentimita 25. Namba 5 ni sentimita 20. Linganisha na ile uliyoiandika kwenye simu. Zikikaribiana, hiyo ndiyo lenzi yako.

Sasa aina. Sokoni utakutana na nne.

Ya kwanza ni ya ukanda mpana, yenye lenzi ya kioo inayoinuka na kushuka mbele ya uso. Ni nzito kidogo na bei yake iko juu. Kama unakaa mezani kila siku, nunua hii. Kioo hakikwaruziki ovyo, na lenzi ikivunjika unabadilisha lenzi peke yake.

Ya pili ni ya plastiki, nyepesi, ina taa juu na vipande vya kubadilisha, mara nyingi vya mara 1.2, 1.8, 2.5 na 3.5. Hii ndiyo imejaa Kariakoo na maduka ya vifaa vya simu. Inafaa kuanzia, na inafaa kwa fundi anayehamahama. Itunze, maana ikikwaruzika basi.

Ya tatu ni ile ya mtindo wa miwani yenye vijicho viwili vya kuchomeka, mara 10 hadi 25. Kwa sonara na fundi simu, iache. Ni ya kutazama, na kwa kazi ya mikono miwili itakuchosha bure.

Ya nne ni kijicho kimoja cha fundi saa, kinachokaa kwenye tundu la jicho au kushikiliwa na waya kuzunguka kichwa. Mafundi saa wana haki ya kukipenda. Kazi yao haina moshi wala moto, na vitu vyao ni vidogo mno. Ukikitumia, zoea kuacha jicho la pili wazi. Ukilifumba siku nzima, jioni uso wote utauma.

Ukifika dukani usiwe na haraka. Mtu aliyesafiri kutoka mbali, Runzewe au Kagongwa, asiogope kumkalisha muuzaji dakika kumi. Nenda na rula ya shule, na kazi ndogo kutoka mezani kwako: cheni iliyokatika, au bodi ya simu iliyokufa.

Vaa lenzi, kaza ukanda, sogeza cheni mbele na nyuma mpaka uione vizuri. Pima hapo kwa rula. Kama umbali haufanani na ule wa mezani kwako, rudisha, hata kama muuzaji anasema utazoea. Utakachozoea ni kuinama.

Kisha tazama rula yenyewe kupitia lenzi. Mistari ya katikati na ya pembeni yote iwe imenyooka. Ikipinda kama upinde ukingoni, lenzi hiyo ni duni. Tazama pia kama pembeni mwa mistari kuna rangi ya zambarau au njano. Kidogo si neno. Nyingi itakusumbua ukitaka kusoma alama kwenye dhahabu.

Fumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Kila jicho lione picha safi. Halafu fumbua yote mawili. Ukiona vitu viwiliviwili, au ukihisi macho yanavutwa, lenzi haijakaa sawa na nafasi ya macho yako. Kichwa kitakuuma kabla ya adhuhuri. Jaribu nyingine ya aina ileile, maana za bei nafuu hutofautiana moja na moja.

Baki nayo kichwani dakika tano huku mnapatana bei. Ukanda ukibana kwenye paji la uso dukani kwenye feni, fikiria utakavyobana chini ya bati la kibanda hapa Geita saa nane mchana. Chagua wenye kitambaa cha kunyonya jasho kinachotoka na kufuliwa. Bawaba nayo ibaki pale ulipoiacha. Lenzi inayojishukia yenyewe katikati ya kazi ni balaa.

Sasa macho yako, na hapa nataka unisikilize.

Kama umevuka miaka 40 na siku hizi unasogeza simu mbali ili kusoma meseji, usianze na lenzi ya kichwani. Anza na kupimwa macho, hospitali ya mkoa au kwa daktari wa macho Mwanza. Huenda unahitaji miwani ya kusomea ya kawaida tu, na kazi nusu itakuwa imejirahisisha. Pia jicho moja likiwa limefifia kuliko jingine, hakuna lenzi ya dukani itakayolisawazisha.

Ukiwa tayari una miwani, nenda nayo dukani na ujaribu lenzi juu yake. Nguvu zinajumlishwa. Miwani ya kusomea ya +2 ukiiwekea juu lenzi ya namba 4, umepata 6, na umbali umeshuka kutoka sentimita 25 hadi 17 hivi. Wengi hulalamika lenzi mpya ni mbovu, kumbe wamevaa mbili. Ukitaka kubaki na miwani yako ya kusomea, chukua lenzi ya namba ndogo zaidi.

Na kama unavaa miwani ya kuonea mbali, usiivue. Lenzi nyingi za ukanda zina nafasi ya kutosha juu ya miwani. Zile za mtindo wa miwani hazina.

Nikiambiwa nichague kati ya lenzi nzuri kwenye giza na lenzi ya kawaida kwenye mwanga mzuri, nachukua ya pili bila kufikiri. Mafundi wengi wanaolalamika kwamba hawaoni, kinachowapungukia ni taa.

Taa iliyo kwenye lenzi isikupe uvivu. Inapiga kutoka mbele, na dhahabu iliyosuguliwa inaurudisha mwanga huo moja kwa moja machoni. Unaona mng'ao, huoni nyufa. Weka taa ya mezani yenye shingo ya kupinda upande wa mkono usiotumia sana, ilale chini kidogo, mwanga upite juu ya kazi kwa mshazari. Mikwaruzo na lehemu iliyobaki vitajitokeza kwa vivuli vyake. Taa ya kichwani iache kwa ajili ya matundu na pembe ambazo ya mezani haifiki.

Mng'ao ukizidi, funika taa kwa karatasi nyeupe nyembamba ya kufutia mikono. Kama ni taa ya LED, haipati joto kama balbu ya zamani, lakini usiiache hivyo ukiondoka.

Tazama pia rangi ya mwanga. Balbu ya njano inaifanya dhahabu ya karati 9 ionekane tajiri kuliko ilivyo. Turubai la bluu juu ya kibanda linaharibu zaidi. Ukitaka kulinganisha rangi ya kipande ulichoongeza kwenye cheni ya mteja, tumia taa nyeupe au toka nje kivulini. Usifanye hivyo juani, utaona mng'ao tu.

Umeme ukikatika kazi isisimame. Chagua lenzi yenye taa ya kuchaji kwa waya uleule wa simu, au ya betri ndogo zinazopatikana duka lolote. Zile za betri za kitufe zinaishiwa upesi, na mjini Geita utazitafuta. Ukipumzisha lenzi kwa wiki kadhaa, toa betri. Zikivuja ndani, taa imekwenda.

Lenzi umeshaipata. Sasa tengeneza kiti na meza, kwa sababu lenzi nzuri juu ya meza fupi inatengeneza mgonjwa wa shingo.

Kosa ni lilelile karibu kila kibanda: meza ya kawaida ya kulia chakula, fundi ameinama kama anakunywa maji kisimani. Ukivaa lenzi ndiyo utainama zaidi, maana sasa umbali umefungwa. Meza za masonara kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 100, na fundi hukaa kwenye kiti cha kawaida au kifupi, ili kazi ije kifuani. Huna haja ya meza mpya. Inua uliyo nayo kwa matofali manne yaliyokaa imara, au weka juu yake kisanduku kigumu cha mbao cha kufanyia kazi ndogo.

Viwiko viegemee. Mikono inayoning'inia hutikisika, na lenzi inakuza mtikisiko kama inavyokuza pete. Bana kazi kwenye jiliwa ndogo badala ya kuishika kwa vidole kila inapowezekana.

Lenzi yenyewe iteremshe mpaka usawa wa macho, lakini isifunike kila kitu. Ukitazama chini ya ukingo wake uone meza kama ilivyo. Hivyo unachukua kibano bila kuinua lenzi kila mara. Ukiinuka kwenda popote, hata mlangoni kumpokea mteja, iinue juu. Kutembea ukiwa umeishusha ni njia ya haraka ya kukosea ngazi.

Siku za mwanzo mikono itapotea. Chombo kinaingia kwenye picha kutoka upande usioutegemea, ncha inapita kando. Usianzie kwenye pete ya mtu. Chukua sarafu na sindano, fuata mistari ya maandishi taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Fundi simu atumie bodi mbovu: toa vipande vidogo, virudishe. Baada ya siku chache mkono utajua njia.

Pumzisha macho kila dakika 20. Inua lenzi, tazama mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Barabara inatosha, na wapita njia Geita hawaishi. Pepesa macho pia, kwa sababu mtu akikazia kitu husahau kupepesa, na hewa yetu ya kiangazi ni kavu yenye vumbi.

Sasa tuingie kwenye moto, na hapa sina utani.

Lenzi ya kichwani si miwani ya usalama. Pembeni iko wazi, na chini iko wazi. Ncha ya waya unayoikata kwa koleo huruka kwa kasi, nayo haijali umevaa nini juu ya paji. Vaa miwani ya usalama ya plastiki chini ya lenzi ukikata, ukisaga kwa mota au ukichimba kwa keekee. Tafuta zile nyembamba zinazopita chini ya ukanda.

Boraksi ikichemka kwenye lehemu hurusha vitone vya moto. Kimoja kikitua kwenye lenzi ya plastiki kinaacha kishimo cha kudumu, katikati kabisa ya unapotazamia. Wakati wa kuwasha moto wa gesi, inua lenzi. Ishushe moto ukishatulia na ukiwa kwenye umbali wako wa sentimita 30 na zaidi. Ndiyo maana nasema sonara asinunue ya mara 3.5: itampeleka sentimita 10 kutoka kwenye mwali.

Asidi ndiyo kabisa. Kusafisha au kujaribu dhahabu kwa asidi ya naitriki hakuhitaji lenzi. Fanya nje au penye upepo, uso mbali, lenzi imehifadhiwa ndani ya kisanduku. Mvuke wake unakula vitu vingi kabla haujafika kwenye mapafu yako.

Halafu zebaki. Dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo kuanzia Nyarugusu hadi Rwamgasa imepita kwenye zebaki. Kipande kinaweza kuja kwako kimeshachomwa, kina rangi ya njano, na bado kimebeba zebaki kwenye vitundu vyake. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Maana yake, muda mrefu kabla kipande hakijalainika, zebaki imeshapanda hewani, na haina harufu ya kukuonya. Ukiwa umeinama juu ya kibia na lenzi usoni ili uone kinavyoyeyuka, wewe ndiye chujio.

Usiyeyushe dhahabu ya namna hiyo ndani ya kibanda. Kipande kinachoshukiwa kipite kwanza kwenye kifaa kilichofungwa cha kukamata mvuke wa zebaki, nje, mbali na watu na chakula. Kitambaa puani hakisaidii, na wala barakoa ya hospitali. Lenzi iguse kazi hiyo baada ya kipande kupoa na kusafishwa, basi.

Usafi wa lenzi ni kazi ya dakika mbili, na watu wengi huikosea. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga. Ukifuta lenzi kavu kwa pindo la shati, umeipiga msasa. Ipulize kwanza, imwagie maji safi, tia tone la sabuni ya maji, isugue kwa vidole taratibu, suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Yenye taa usiitumbukize. Toa kipande cha lenzi ukisafishe peke yake.

Fundi simu, chupa ya spiriti iko mezani kwako, najua. Usiitumie kwenye lenzi ya plastiki, wala tina, wala petroli. Vinaweza kuijaza nyufa ndogondogo zisizofutika. Kwa kioo, spiriti kidogo haina shida, ila isifike kwenye gundi ya fremu.

Usiiache juani. Lenzi iliyolala dirishani inakusanya jua la mchana kuwa nukta moja, na nukta hiyo ikitua kwenye karatasi au pamba, moto unawaka ukiwa umekwenda kula. Funika au weka kwenye kisanduku, kila unapoondoka.

Na usiiazime. Ukanda unapita kwenye jasho na karibu na macho ya kila anayeuvaa. Macho mekundu yakizuka mjini, kibanda kizima kitaugua kwa lenzi moja. Ikibidi mshirikiane, kila mtu awe na kitambaa chake cha paji, na fremu ifutwe kabla ya kupokezana.

Kuna kazi ambazo lenzi ya kichwani haizifai, na ni vizuri uzijue ili usiilaumu.

Kusoma alama kwenye pete ni mojawapo. Kwa kazi hiyo, beba lenzi ndogo ya mkononi ya mara 10, ile inayokunjwa. Ishike karibu kabisa na jicho, kisha lete pete kwenye lenzi, usilete lenzi kwenye pete. Ukiona 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22. Lakini muhuri ni muhuri tu, mtu anaweza kuupiga kwenye shaba. Lenzi itakuonyesha rangi nyingine pale palipochubuka, kwenye kingo na ndani ya kifungo cha cheni. Usafi wa dhahabu yenyewe unapimwa kwa mashine, na tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, huna sababu ya kukadiria kwa macho. Biashara ya kununua na kuuza ifanyie huko, kwa leseni.

Kukagua mawe yanayotoka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, ni nyingine. Lenzi ileile ya mara 10 inatosha. Lowesha jiwe, kaa kivulini, kisha ligeuze polepole. Dhahabu hubaki na rangi yake kila upande. Dhahabu ya wajinga, yaani madini yanayofanana nayo, humeta ukiigeuza hivi na kufa ukiigeuza vile, na mara nyingi ina pande zilizonyooka kama zimekatwa. Ukibaki na shaka, gusa punje kwa ncha ya sindano chini ya lenzi. Dhahabu inabonyea. Ile nyingine inasagika unga. Ulanga nao hutoka vipande kama magamba.

Na almasi. Kama uko Maganzo au popote karibu na Mwadui, kumi ndiyo namba ya biashara hiyo duniani kote: mawe hukaguliwa kwa mara 10, si 20. Usijione mjanja kwa lenzi kubwa. Utaona dosari ambazo hakuna anayezihesabu na utakosa zile za kando ya jiwe kwa sababu ya eneo dogo. Jiwe lisafishe kwanza, lishike kwa kibano, lipitishie mwanga kutoka pembeni, litafute ufa unaoanzia nje kwenda ndani. Huo ndio unaokula bei, kwa kuwa mchongaji lazima aukate. Hata bila msiba wa namna hiyo, kuchonga kunakula: lile jiwe la waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947 na kuzawadiwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, lilikuwa na karati 54.5 likiwa ghafi, likabaki na 23.6 baada ya kuchongwa.

Kazi ya nne ni kubadilisha IC kwenye bodi ya simu. Hapo usijitese. Nunua hadubini ya mezani yenye macho mawili, ile inayoacha nafasi pana ya kuingiza bloa chini yake. Ni ghali, na kwa fundi anayefanya kazi hizo kila siku inajilipa. Kwa sistimu chaji, spika na konekta za skrini, lenzi ya kichwani ya mara 2 au 2.5 inakutosha, na inakuachia nafasi ya kutosha moshi wa risasi usikupige puani. Weka kifeni kidogo cha kuuvuta pembeni hata hivyo.

Mwisho ni manunuzi ya mbali, maana wengi wetu hatufiki Kariakoo. Mwanza siku hizi ni karibu, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kungoja kivuko, kwa hiyo kama unaweza nenda mwenyewe ukajaribu. Kama huwezi na mzigo utakuja kwa basi, mpigie muuzaji kabla ya kutuma pesa. Muulize lenzi ni kioo au plastiki. Muulize inaona vizuri kwa sentimita ngapi, usikubali jibu la "mara ngapi". Muulize kama lenzi za akiba zinauzwa peke yake, taa inatumia betri gani, na kama kitambaa cha paji kinatoka. Kisha mwombe aweke rula ya shule mezani, apige picha kupitia lenzi hiyohiyo atakayokutumia, mistari ya katikati na ya ukingoni ionekane. Akisema hana muda wa picha, piga duka linalofuata.